Bushi Mbili Nyekundu za Gari ya Bi Salha

Siku ya tatu baada ya kumzika Bwana Nassor, Mungu amrehemu, tulimsomea hitma nyumbani kwao Chake. Watu walipokwisha kula, wanawake tulikuwa uani tunasuuza masinia, akaingia kijana mmoja wa ukoo wao kutafuta chai ya pili. Ni mjukuu wa Bi Salha, dada wa Bwana Nassor. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kuwasimulia wageni waliotoka Unguja: "Nyie hamumjui Babu Nassor. Babu alitaka kumnyang'anya huyu Bi Mize ufunguo wa gari, ati mwanamke hajui kukata kona. Bi Mize kaingia chini ya gari, katia raba mbili kwa mkono wake, kampeleka Babu Msuka, na tangu siku hiyo Babu kashika adabu!" Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akanipiga bega kwa mkono wenye povu la sabuni. Na mimi nikacheka. Sikucheka kwa heshima ya wenyeji, nilicheka kweli, maana kisa kinachekesha na shujaa wake ni mimi. Nilipofika nyumbani ndipo kicheko kile kikanikwama kama mwiba wa samaki. Kisa hicho kimesimuliwa zaidi ya miaka ishirini, mara nyingi mbele ya Bwana Nassor mwenyewe, naye hucheka na wenziwe. Nusu yake si kweli, na hiyo nusu isiyo kweli ndiyo inayomshusha yeye na kunipamba mimi. Basi naandika. Shule yangu iliishia kidato cha pili, nilipofeli mtihani, na sijui kama nitaweza kulipanga jambo hili likaeleweka. Lakini aliyelijua pamoja nami ameshakwenda, na Fundi Faki, aliyekuwa fundi wa gari yenyewe, alitangulia kabla yake. Nikinyamaza mimi, uongo utakuwa ndio historia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nakaa Ole kwa Bi Salha. Alikuwa mkunga wa hospitali aliyestaafu, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Macho yalikuwa yanamwishia; aliona umbo la mtu lakini hakuona uso, na kwa hivyo alitaka msichana wa kumpikia, kumsomea barua, na jambo la tatu ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipofika: kuendesha gari yake. Chumba changu kilikuwa baina ya jiko na banda la gari. Dirisha moja lilileta moshi wa kuni, la pili lilileta harufu ya petroli, na usiku nililala katikati kama mtu anayesuluhisha ugomvi. Chumba cha Bi Salha kilikuwa na kitanda cha besera, kile cha nguzo na pazia la juu, kisicho na besera, kabati la kioo lenye vikombe visivyotumika, na saa ya ukutani iliyosimama. Hakutaka itengenezwe kwa sababu, alisema, "Saa hii walau inajua inasema nini." Chakula chetu kilikuwa cha watu wawili wasiokuwa na haraka: mkate wa mofa na chai ya mdalasini asubuhi, muhogo wa nazi na kipande cha samaki changu mchana, na jioni kilichobaki. Gari yenyewe ilikuwa saluni ndogo ya Kijapani, rangi ya samli, mzee kuliko gari zote za Ole, na Bi Salha aliizungumzia kama mtu. Hakusema "gari imeharibika." Alisema "leo hajisikii."

Kuendesha alinifundisha mwenyewe, kwenye kiwanja cha mpira, yeye asiyeona akiwa kando yangu. Alisikiliza injini tu. "Inalia. Badilisha gia. Haya, sasa inashukuru." Mtihani wa leseni nilianguka mara ya kwanza kwa kurudi nyuma nikagonga pipa. Hapa ndipo pa kusema jambo la kwanza la haki. Aliyenirudisha Chake kwa mtihani wa pili, akakaa juani nje akinisubiri, akanipa soda nilipofaulu, alikuwa Bwana Nassor, kaka yake Bi Salha, mwenye duka la vyombo. Mtu mnyamavu, kofia safi, makubazi yaliyopakwa rangi, mwangalifu wa kila kitu. Mtu anayechukia wanawake kuendesha gari hakai juani kumngoja msichana wa watu apate leseni. Wale wanaokisimulia kisa hiki hawalijui hili, na mimi, ninapohesabu mara nilizokaa kimya, sina udhuru kwamba nililisahau.

Sasa nije kwenye kosa. Bi Salha alikuwa na magoti mabovu, yakimlia kila akisimama. Kila baada ya Alasiri nilimkanda kwa mafuta ya makonyo, yale yanayotokana na vikonyo vya karafuu, nikiyachanganya na mafuta ya nazi kidogo. Pemba hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Jino likiuma, karafuu. Tumbo, karafuu. Mbu, karafuu. Na kweli magoti yalinyamaza. Miezi michache baada ya mimi kuanza kuendesha, gari nayo ikaanza kulia mbele, chini, kila tukipanda tuta au kupita shimo: kwii, kwii, kama kitanda cha kamba. Sauti ile ile ya magoti. Siku moja ya Ijumaa, Bi Salha amelala adhuhuri, nilitandika gunia nikajisukuma chini ya gari nikaitikisa kwa mguu mpaka nikaona inapolia. Mbele, kutoka gurudumu mpaka gurudumu, imepita fimbo ya chuma iliyopinda, na mahali pawili imeshikwa na raba nyeusi nene yenye tundu, na kila raba imekumbatiwa na kibati cha chuma. Raba zile ndizo zilizokuwa zikilia. Nikachukua kitambaa, nikakitia mafuta ya makonyo, nikazikanda. Nilizikanda hasa, kwa kidole gumba, kwa mzunguko, kama Bi Salha alivyonifundisha magoti. Nikawasha gari, nikapita juu ya mzizi wa mti ulioko kwenye lango. Kimya. Katika daftari langu la mwaka ule nimeandika kwa wino mwekundu: "Leo nimemponya gari." Nikawa namkanda kila Ijumaa. Sikumwambia mtu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuwa na jambo moja ninalolijua mimi peke yangu, na ndivyo ujinga mwingi unavyoanza.

Baada ya muda, ambao daftari haliniambii kwa sababu mchwa wamekula kurasa za katikati, gari ikaanza kulala. Sina neno jingine. Ukikata kona kushoto, mwili wote ulilala kulia, ukachelewa kuinuka, kisha ukainuka kwa kishindo: ko! Nilipunguza mwendo, ikalala. Nilipunguza zaidi, watu wa baskeli wakatupita wakitusalimia. Bi Salha, aliyezalisha wanawake wa nusu ya Pemba akiwafuata kwa baskeli kwenye njia za mashambani, akaanza kutapika garini. Alishika ndimu puani safari nzima. Siku moja kwenye mteremko gari ililala kwa ghafla, kichwa chake kikagonga kioo, pakavimba. Nilimpaka, bila ya shaka, mafuta ya makonyo.

Jioni ile ile Bwana Nassor akaja. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, dirisha liko wazi, wao wako barazani na chai.

"Salha, mtoto huyu atatupeleka kaburini kwa adabu."

"Kwa adabu vipi?"

"Anasalimia kila mtu njiani, kisha anatupindua."

"Gari ndiyo mgonjwa, si Mize."

"Alipokuwa akiendesha marehemu mumeo, gari haikulala hivi. Alipokuja Mize, imelala. Nimwulize nani? Nimwulize gari?"

"Unasema kwa sababu ni mwanamke."

"Nasema kwa sababu una nundu kichwani."

Nilisimamisha ungo. Kisha Bwana Nassor, kwa sauti ya chini, akatoa hukumu. Baada ya wiki tatu kungekuwa na akika, ile karamu ya kunyolewa mtoto mchanga, ya mjukuu wa Bi Salha huko Msuka, mwisho kabisa wa kaskazini. Yeye mwenyewe angepanda na sisi, akae mbele. Ikiwa gari italala kwenye kona kama inavyolala sasa, ufunguo ungebaki Msuka kwa kijana wao mmoja dereva, na mimi ningerudi kwetu kwa heshima zote. "Simwonei," alisema. "Nikimwona anajua, nitasema anajua." Nilichambua mchele ule mara tatu. Bi Salha aliula akasema leo mchele mzuri, hauna hata chuya.

Watu wanaokisimulia kisa hunipa hapa ujasiri ambao sikuwa nao. Wanasema nilijua kosa ni la gari. Mimi sikujua. Nililala baina ya moshi na petroli nikijiuliza kama kweli sijui kuendesha, na niliamini zaidi kwamba sijui. Kuna mtu ambaye akishutumiwa hukasirika. Mimi nikishutumiwa huanza kutafuta ushahidi dhidi yangu. Na ushahidi ulikuwepo. Kona ya pale kwenye shule niliikata kwa kasi kweli, mara mbili au tatu, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakishangilia wakiona mwanamke anaendesha. Hilo pia lazima liandikwe.

Aliyeniokoa ni msimu. Kilikuwa kipindi cha karafuu, Ole nzima iko juu ya miti au imekaa kitako inachambua, majamvi yametandazwa mpaka kando ya lami, na fundi magari hapatikani. Fundi Faki, aliyekuwa na gereji chini ya makuti njia ya Wesha, naye alikwenda kuchuma, akaanguka, akavunja mkono. Bi Salha alipompelekea salamu amtafutie fundi mwingine, Faki akaja mwenyewe, mkono wa kulia umefungwa kwenye shali. "Msimu hauna mafundi, Bi Salha," alisema. "Msimu una wachumaji na walioanguka." Akauweka ubavu wake kwenye bawa la gari, juu ya gurudumu la mbele, akalisukuma mara mbili kwa mkono mzima, akasikiliza. Ko. Akacheka. "Bushi za stebilaiza hizo, zile raba zinazoshika fimbo. Ile fimbo inayoizuia gari isilale. Bushi zikifa, fimbo inacheza ngoma yake na gari inacheza yake."

Nilifurahi. Ilikuwa ni gari! Dakika ile ile nikakumbuka ni raba zipi zile, na furaha ikaanza kuchacha mdomoni.

Bushi za kampuni iliyotengeneza gari ile hazikupatikana tena. Gari ilikuwa imepitwa na wakati. Fundi Faki aliniambia nizungushe uzi kwenye ile fimbo nijue unene wake, nikapeleka uzi dukani kwa Bwana Nassor. Na hapa pana jambo la pili la haki. Bwana Nassor angeweza kuweka uzi ule mfukoni akausahau mpaka akika ipite. Alimtuma mtu kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta vipuri kutoka Dar, na siku ya kumi akaja nazo yeye mwenyewe, ndani ya karatasi ya kufungia vikombe. Bushi mbili nyekundu, si raba bali plastiki ngumu kama ukwato, kila moja imechanwa upande mmoja ili iingie kwenye fimbo, pamoja na kifuko cha grisi nyeupe. "Mimi sikatai kwamba bushi zimekufa," alisema, huku akizipanga juu ya meza kama anauza. "Zitiwe. Kisha tuone kama na udereva nao umekufa au uko hai."

Zilitiwa na mimi kwa sababu hapakuwa na mwengine. Fundi alikuwa na mkono mmoja, na kuingia chini ya gari na mwanamke asiye mahrimu yake hakukubali, wala mimi nisingekubali. Basi Bi Salha akapanga mambo kama anapanga chumba cha kuzalia. Nivae suruali ya marehemu mumewe chini ya dera. Kanga tatu zining'inie upande wa barabara, pindo zake zimebanwa na vioo vya milango, ili mpita njia asione miguu yangu. Yeye akae juu ya kiti kichwani mwa gari ashike tochi, na Fundi akae upande wa pili juu ya kinu kilichopinduliwa, anitolee maneno. Tukaanza saa tatu asubuhi. Kabla sijalegeza bolti ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa anapita na gunia la karafuu akasimama.

"Asalam alaykum. Bi Salha, mna maiti hapo mnaikosha?"

"Waalaykum salaam. Ingekuwa maiti ningekuita ushike ndoo. Pita!"

"Mbona maiti inasema spana?"

"Pita, yakhe, karafuu zako zitachacha!"

Chini huko nilicheka mpaka vumbi likaniingia mdomoni. Tochi ya Bi Salha ilimulika kila mahali isipokuwa ninapofanya kazi, maana hakuona, lakini hakukubali kuiacha. Nilikuwa nimeinua gurudumu moja tu kwa jeki, na bolti ilipotoka, ile fimbo ikanisukuma mkono kwa nguvu kama mbuzi. Fundi akapiga kelele: "Nilisema nini? Gurudumu zote mbili juu, au zote mbili chini! Ukiinua moja tu, chuma kinasokotwa, kinakukamia." Kweli alikuwa amesema, na mimi nilisikia, nikasahau. Tukaishusha ile iliyoinuliwa, zote mbili zikawa chini, fimbo ikatulia. Bolti zilikuwa na kutu, nikazimwagia mafuta ya taa, tukanywa chai, tukarudi. Kibati kikatoka. Bushi ya zamani ikaja mkononi mwangu laini, imevimba, inanata, kama mkate uliosahauliwa kwenye kikombe cha chai. Nikaipitisha chini ya gari upande wa Fundi.

Fundi akaipeleka puani.

"Mize," akasema Fundi Faki.

"Labeka, Fundi."

"Bushi hii imeiva."

"Imeiva vipi?"

"Imeiva kama pilau. Inanukia karafuu."

"Faki, msimu huu hata mimi nanukia karafuu," akasema Bi Salha kutoka kwenye kiti chake.

"Kweli, Bi Salha." Kisha nikauona uso wa Fundi chini, shavu limekaribia kugusa ardhi, mkono uliofungwa umening'inia kando. Alinong'ona. "Umezipaka?"

"Naam."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa."

Akafumba macho. "Mize, mafuta yale yanakula raba. Yanaila kama asali inavyoliwa. Bushi hizi zilikuwa kavu tu, ndiyo maana zikilia. Zingekaa mwaka mwengine. Wewe umeziua kwa huruma." Nilimwuliza kama atasema. Akafikiri. "Mimi fundi, si kadhi. Utasema mwenyewe au hutasema. Tia mpya. Paka ile grisi nyeupe, hiyo tu, wallahi nikinusa kitu chengine naondoka."

Bushi mpya zilikuwa nene kuliko za asili, kibati hakikufika kwenye matundu yake. Nilisukuma kwa kiganja, kwa goti, kwa bismillahi. Mwisho Fundi akanielekeza niweke kipande cha mti juu ya jeki, nikibane kibati kwenda juu polepole mpaka matundu yakutane, kisha nitie bolti moja kwa vidole, halafu ya pili, halafu nikaze kidogo huku, kidogo huku. Cha pili kilikwenda upesi. Nilipotoka nilikuwa na kutu nyusi nzima. Bi Salha alinipapasa uso akasema, "Mwanaume au mwanamke?" Lile lilikuwa swali lake la wodini, mtoto akizaliwa.

Siku ya akika tulitoka asubuhi. Bwana Nassor mbele, Bi Salha nyuma na ndimu yake, tunda moja la akiba likiwa mfukoni. Bwana Nassor alikamata kile kishikio cha juu ya mlango kabla hata sijawasha. Kona ya shule niliingia taratibu, nikageuza, na gari ikageuka. Ndiyo hivyo tu. Haikulala, haikusema ko. Ilikwenda nilikoitazamisha, kama mtu aliyeitwa jina lake sawasawa. Ya pili, ya tatu. Barabara ya kwenda kaskazini ni milima na mabonde, inajipinda kila unapoanza kuizoea, na kila ilipojipinda gari ilijipinda nayo ikiwa wima. Nilitazama kwenye kioo nikaona Bi Salha amelala. Mtu ambaye miezi mitatu hakupita kona bila ya kutapika, amelala mdomo wazi, na ndimu imemponyoka iko sakafuni. Karibu na Konde nikaona mkono wa Bwana Nassor umeshuka kutoka kwenye kishikio. Umelala juu ya goti lake, kiganja juu, kama mtu aliyemaliza dua.

"Mize."

"Labeka."

"Nimekuonea." Alisema akitazama mbele. "Nilikusema vibaya kwa dada yangu, na nadhani ulisikia."

"Nilisikia. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi."

"Basi leo Msuka nitayafuta mbele ya watu wote. Niliyemsema mbele ya mtu, nimsafishe mbele ya watu."

Nilikata kona tatu. Nilizikata vizuri, na hilo ndilo lililonitesa, maana kila kona ilikuwa ikinishuhudia. Ufunguo ulikuwa wangu. Sikutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza mpaka Msuka. Nikawaza kwamba akinisafisha mbele ya watu, na mimi najua ninachokijua, basi kila nikishika usukani ule nitakuwa nimeuiba. Nikawaza pia, nisijisifu, kwamba Fundi Faki anajua, na siri ya watu wawili Pemba haifiki mwezi. Sijui ni lipi kati ya mawili hayo lililonisimamisha. Niliegesha kando ya jamvi la karafuu, mwenye jamvi akaanza kuja akidhani tumekanyaga, nikampungia mkono arudi. Kisha nikamwambia Bwana Nassor yote. Magoti, kitambaa, kidole gumba, wino mwekundu. Nikamwambia nundu ya dada yake ni kazi yangu, na ufunguo huu hapa.

Akautazama ufunguo mkononi mwangu, hakuuchukua.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Ulizikanda?"

"Kwa mzunguko."

Tumbo likaanza kumtikisika. Alijaribu kulizuia, akatazama nje, akatazama karafuu, mambo yakazidi. Alicheka bila ya sauti ili asimwamshe dada yake, machozi yakimtiririka, akavua kofia akajifutia nayo, na mimi nisiyejua nifanye nini nikaanza kulia, kisha nikajikuta nacheka pia. Alipopata pumzi alivaa kofia, akaiweka sawa kwa mikono miwili, akawa tena yule mwenye duka la vyombo.

"Sikiliza. Fundi Mize nimemfukuza kazi, leo hii. Asiiguse tena gari hii na chupa yoyote."

"Ndiyo, Bwana Nassor."

"Dereva Mize ni mtu mwengine. Huyo kona zake nimeziona mwenyewe, tangu Ole mpaka hapa. Sina neno naye. Washa gari, mtoto anangoja kunyolewa."

Msuka tulifika nywele za mtoto hazijanyolewa bado. Mbuzi wa akika alikuwa ameshapikwa, na kwa kuwa nyama ya akika haivunjwi mifupa, hukatwa viungoni tu, sinia letu la wanawake lilikuja na mguu mzima juu ya wali, mrefu kama mkono wangu. Tuliketi chumba cha ndani, wanaume wako nje chini ya turubai. Bi Salha alikuwa kando yangu, ameamka mchangamfu, anawaambia watu kwamba hajatapika hata tone. Ndipo Bwana Nassor akaja mlangoni. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti, macho chini, akapiga hodi kwa sauti iliyowanyamazisha wote.

"Nina neno moja, niwieni radhi kwa kukukatizeni chakula. Nilisema Mize hajui kuendesha. Nilikosea. Anajua. Ufunguo unabaki kwake, na mimi nitapanda na yeye kurudi."

Nilikuwa na tonge mkononi, wali ukinidondoka baina ya vidole. Bi Salha alinipiga paja kwa furaha. Bintiye, mwenye mtoto, akamwuliza kutoka mwisho wa chumba, "Kumbe gari ilikuwa na nini, Mjomba?"

"Bushi zilikufa."

"Zilikufa na nini?"

Bwana Nassor hakunitazama.

"Uzee," alisema, akayavaa makubazi yake akarudi kwa wanaume.